Bahari zote zikikauka, Dar itapumua hewa ya mlimani

Hewa ina uzito, na sehemu kubwa ya uzito huo imekaa juu ya maji. Ukiyaondoa maji, hewa inashuka nayo, na watu wa pwani wanabaki juu bila kuhama hata hatua moja.

Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Mbeya ukiwa na pakiti ya krisps kwenye mkoba, huenda umeliona hili. Unainunua Morogoro ikiwa imelegea kama kawaida. Basi linapanda Kitonga, linapita Iringa, na ukija kuikumbuka pakiti yako unakuta imevimba kama puto. Mimi mara ya kwanza nilidhani zimeharibika, nikataka kuzitupa. Mama mmoja niliyekaa naye kiti kimoja akacheka: "Hazijaoza mwanangu, ni mlima huo."

Alikuwa sahihi kabisa. Ndani ya pakiti kuna hewa ileile iliyofungiwa kiwandani, chini huko. Nje kuna hewa ya mlimani, ambayo inasukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Ya ndani inaishinda ya nje, pakiti inavimba.

Nguvu hiyo ya kusukuma ndiyo inaitwa mgandamizo wa hewa. Shuleni tuliisoma kwa jina la kanieneo, na wengi wetu tukaiacha hukohuko kwenye daftari.

Sasa chukua swali moja linalosikika kama la kitoto: maji ya bahari zote yakitoweka leo usiku, mgandamizo wa hewa utakuwaje kesho asubuhi? Wapo wanaojibu haraka kwamba hautabadilika, kwani hewa iko juu na maji yako chini, vinahusiana nini? Wengine wanasema hewa itaisha. Majibu yote mawili hayako sawa, na jibu lenyewe linamgusa kila anayeishi kuanzia Kilwa hadi Lamu.

Kilo mia juu ya simu yako

Hewa haionekani, lakini ina uzito. Ukiikusanya yote inayoizunguka dunia na kuiweka kwenye mizani, inapita tani trilioni 5,000. Uzito huo hauelei tu huko juu. Umetukalia.

Ukisimama ufukweni, iwe Coco Beach au Nyali, kila sentimita moja ya mraba ya ngozi yako inabeba takriban kilo moja ya hewa iliyopangana juu yako hadi anga inapoishia. Kioo cha simu unachosomea habari hii kina ukubwa wa sentimita za mraba mia moja hivi. Piga hesabu: kinabeba kama kilo 100, uzito wa mtu mnene. Hakipasuki kwa sababu hewa inasukuma kutoka pande zote, mbele na nyuma, na hata ndani ya simu imo.

Watu wa hali ya hewa hupima mgandamizo huu kwa hektopaskali. Wastani wake usawa wa bahari ni 1,013. Ukianza kupanda, hewa iliyobaki juu ya kichwa chako inapungua, kwa hiyo mzigo unapungua pia: karibu hektopaskali 1 kwa kila mita 8 za mwanzo. Ukifika mita 5,500, nusu ya hewa yote iko chini ya miguu yako. Kilele cha Uhuru pale Kilimanjaro, mita 5,895, kiko juu ya hapo.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili mlimani hakuwa na mtambo wa maana. Septemba 1648 huko Ufaransa, Florin Périer alibeba bomba la kioo lenye zebaki hadi juu ya mlima Puy de Dôme, kwa maelekezo ya shemeji yake, Blaise Pascal. Huko juu zebaki ilikuwa imeshuka kwa karibu sentimita 8. Hewa ya mlimani haikuwa na uzito wa kuishikilia ilipokuwa mwanzo. Basi, jambo likawa limethibitishwa.

Hapa kuna kitu kimoja cha kushika kabla hatujaendelea. Hiyo 1,013 si namba iliyoandikwa angani. Ni uzito wa hewa iliyokaa juu ya maji, kwa sababu tu maji yamefika pale yalipofika. Bahari inafunika asilimia 71 ya uso wa dunia. Kwa sehemu kubwa ya hewa tuliyonayo, sakafu yake ni maji.

Sakafu ikiondolewa

Fikiria ukumbi uliojaa watu, halafu sehemu kubwa ya sakafu yake inashuka ghafla. Watu hawapungui. Wanashuka tu, na waliobaki kwenye kingo wanajikuta juu.

Ndivyo ingekuwa kwa hewa. Bahari zote zina maji ya takriban kilomita za ujazo bilioni 1.33, na kina chake cha wastani ni kama kilomita 3.7. Maji hayo yakitoweka yanaacha mabonde makubwa matupu, na hewa haiwezi kuacha pengo. Inamiminika mle ndani.

Hesabu ya haraka ni hii: ukitandaza ujazo huo wa mabonde juu ya uso mzima wa dunia, nchi kavu ikiwemo, unapata kina cha kilomita 2.6. Ina maana kwamba hewa yote ingeshuka kwa wastani wa kilomita 2.6. Na kwa kuwa hewa ya chini hubanana na kuwa nzito zaidi, mabonde yangemeza nyingi kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Ukilitia hilo maanani unafika karibu kilomita 2.8.

Kwa hiyo ufukwe uliokuwa mita sifuri ungekuwa na hewa ya mahali palipo mita 2,800 hivi kutoka usawa wa bahari wa leo. Mgandamizo ungeshuka kutoka 1,013 hadi takriban 715, yaani umepungua kwa karibu asilimia 30.

Na hakuna hata chembe ya hewa iliyopotea. Jumla ya uzito wake ni uleule. Imehama tu, kutoka kwetu kwenda shimoni.

Mji wako ungekuwa wapi?

Hapa ndo patamu. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwenye vituo vitatu: Mandara, mita 2,700 hivi, Horombo, mita 3,700, na Kibo, mita 4,700. Tuvitumie kama rula.

Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Unguja wangeamka na hewa ya juu kidogo ya Mandara. Hewa hiyo ni nyepesi kuliko ya ndani ya ndege ya abiria ikiwa angani, kwa sababu ndege husukuma hewa ndani ili abiria wasizidi hali ya mita 2,400 hivi.

Dodoma na Kampala, ambazo leo ziko mita 1,100 na ushee, zingepita Horombo.

Nairobi ingekuwa karibu na hali ya Kibo, pale ambapo wapandaji wanapumzika saa chache kabla ya kuanza safari ya usiku kwenda kileleni, vichwa vikiwauma. Fikiria watu wanakimbilia matatu saa kumi na mbili asubuhi katika hewa hiyo.

Iten, kule wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wa Kenya, leo iko mita 2,400, na wepesi wa hewa yake ni mojawapo ya mambo yanayowavuta wanariadha. Bahari zikiwa tupu ingekuwa na hewa ya mita 5,100 hivi. Hapo ni sawa na La Rinconada huko Peru, mji wa wachimba dhahabu unaotajwa kuwa juu kuliko yote duniani ambako watu wanaishi mwaka mzima. Mazoezi ya kukimbia yangekuwa hadithi.

Na Kilele cha Uhuru? Hewa yake ingekuwa kama ya kilele cha Everest cha leo. Everest ilipandwa kwa mara ya kwanza bila mitungi ya oksijeni mwaka 1978, na Reinhold Messner na Peter Habeler, na kabla ya hapo wengi waliamini haiwezekani. Wanafunzi wanaopelekwa Kilimanjaro kwa ziara wasingekuwa wanafika mbali.

Mwili haujui kwamba haujapanda

Asilimia ya oksijeni haibadiliki. Ni 21 ufukweni na ni 21 Everest. Kinachobadilika ni kwamba kila pumzi inabeba hewa kidogo, kwa hiyo na oksijeni yake ni kidogo. Mgandamizo ukipungua kwa asilimia 30, oksijeni unayovuta kwa pumzi moja inapungua kwa kiasi hichohicho.

Mtu mzima mwenye afya angeumwa kichwa, angelala vibaya siku kadhaa, angehema akipanda ngazi, halafu mwili ungeanza kutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu na kuzoea. Ndiyo maana waongoza watalii Kilimanjaro wanasema "pole pole" kuliko neno jingine lolote. Tofauti ni kwamba mpanda mlima anapewa siku kadhaa, akizidiwa anashushwa. Mtu wa Kariakoo au Likoni asingekuwa na pa kushushwa kwa haraka.

Wenye matatizo ya moyo na mapafu wangepata shida kwanza. Nafikiria pia watu wenye selimundu, ambao katika ukanda wetu ni wengi. Oksijeni ikipungua, chembe zao za damu hujikunja na kuziba mishipa, na ndiyo maana hushauriwa kuwa waangalifu na safari za miinuko mikubwa. Kwa familia yenye mtoto mwenye selimundu, namba 715 si ya mzaha.

Jikoni nako mambo yangebadilika. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuusukuma mgandamizo wa hewa. Mgandamizo ukishuka, yanachemka mapema, yakiwa na joto dogo. Leo Mombasa maji yanachemka kwa nyuzi 100, Nairobi kwa nyuzi 94 hivi. Ndiyo sababu maharage ya Nairobi yanachukua muda kuliko ya Mombasa, usimlaumu mpishi. Bahari zikiwa tupu, Mombasa yangechemka kwa nyuzi 90 na kidogo, na Nairobi kwa nyuzi 85. Bila sufuria ya presha ungekesha.

Kuona ukubwa wa mabadiliko haya, linganisha na vimbunga. Tulipokuwa tunafuatilia Kimbunga Hidaya Mei 2024, kila taarifa ilitaja mgandamizo mdogo wa hewa. Kimbunga Idai, kilichopiga Beira nchini Msumbiji Machi 2019, kilishuka hadi takriban hektopaskali 940. Kimbunga Tip huko Pasifiki, Oktoba 1979, kilifika 870, na hiyo ndiyo namba ndogo kuliko zote kuwahi kupimwa usawa wa bahari katika kimbunga. Sisi hapa tunazungumzia 715, tena siku ya jua, bila upepo.

Ukitaka hewa ya zamani, telemka

Hewa ya Dar ya leo isingekuwa imepotea. Ingekuwa kwenye mteremko, karibu kilomita 3 chini ya ufukwe wa zamani. Mwenye nguvu angeweza kuifuata kwa miguu.

Safari ya kwenda Unguja ingekuwa rahisi, kwa sababu mkondo kati ya bara na Unguja ni wa kina kifupi. Zama za barafu, miaka kama 20,000 iliyopita, bahari iliposhuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja iliunganika na bara. Pemba ni jambo jingine. Kati yake na bara kuna mkondo wenye kina cha hadi mita 800 hivi, kwa hiyo ungekuta bonde refu, na ukifika chini yake masikio yangekuwa yameziba mara kadhaa. Upande wa mashariki, baada ya visiwa, ardhi inaporomoka kwenda kilomita 4 na zaidi.

Kwenye sakafu ya bahari ya kina cha wastani, mgandamizo ungekuwa kama 1,120. Hiyo ni asilimia 10 tu zaidi ya tuliouzoea. Binadamu angepumua vizuri kabisa, tena vizuri kuliko waliobaki ufukweni. Kwenye Mtaro wa Mariana, karibu mita 10,900 chini, ungepita mara mbili ya wa leo, sawa na anaohisi mzamiaji akiwa mita 12 ndani ya maji. Kwa sasa, maji yakiwepo, mgandamizo pale unazidi mara 1,000. Hapo unaona hewa ilivyo nyepesi ikilinganishwa na maji.

Tatizo la huko chini lisingekuwa kupumua. Lingekuwa joto. Hewa kavu ikishuka hubanwa, na ikibanwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita (pampu ya baiskeli nayo hupata moto ukijaza tairi, kwa sehemu ni jambo hilohilo). Hewa ya nyuzi 25 ikitelemka kilomita 3.7 inafika chini ikiwa na nyuzi 60 na ushee. Mariana usiombe.

Kwa hiyo watu wangebanwa katikati: juu hakuna oksijeni ya kutosha, chini hakuna nafuu ya joto. Nadhani ardhi ya gharama kubwa ingekuwa kwenye miteremko, kilomita moja au mbili chini ya pwani ya leo.

Bahari iliyowahi kuwa tupu

Bahari zote kuwa tupu haijatokea tangu bahari zilipokuwepo. Bahari moja, imetokea.

Mwaka 1970 meli ya utafiti Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya Mediterania. Kikosi kilichoongozwa na Kenneth Hsü na William Ryan kilikuta tabaka za chumvi na jasi chini ya bahari yenye kina kirefu. Chumvi ya namna hiyo inabaki pale maji ya bahari yanapokauka. Picha iliyojengeka baada ya hapo ni kwamba kati ya miaka milioni 5.97 na milioni 5.33 iliyopita, njia ya maji kutoka Atlantiki ilibanwa, jua likanywa maji kuliko mito ilivyoweza kurudisha, na Mediterania ikashuka vibaya sana. Mto Nile, ukikimbilia bahari iliyokuwa inazama, ulichimba korongo kubwa linalofika hadi Aswan, ambalo leo limefukiwa chini ya ardhi ya Misri. Wanasayansi bado wanabishana kama bonde lote lilikauka au yalibaki maziwa ya maji ya chumvi kali.

Mahali palipokauka kilomita 3 chini, mgandamizo ungekuwa mara 1.4 ya ule wa usawa wa bahari. Ila pwani yetu isingehisi kitu. Bonde moja halitoshi kuimeza hewa ya dunia, na maji yaliyotoka Mediterania yaliishia kwenye bahari nyingine. Yote yakiondoka pale leo, bahari zilizobaki zingepanda kwa mita 10 hivi na hewa ingepanda nazo.

Jaribio kama hilo unaweza kulifanya kichwani kwa Ziwa Tanganyika. Kina chake kinafika mita 1,470, na sehemu ya chini kabisa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Ziwa likiwa tupu, mtu wa Kigoma au Bujumbura akitelemka hadi chini angekuta karibu hektopaskali 1,090, zaidi ya Dar. Lakini hewa ya dunia nzima kwa ujumla ingeshuka kwa chini ya sentimita 4.

Asiyependa kuwaza anaweza kwenda Bahari ya Chumvi, kati ya Yordani na Israeli. Ufukwe wake uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari, na mgandamizo pale ni karibu 1,060. Ni bonde lililo wazi, hewa imejaa hadi chini, hakuna nadharia hapo.

Maji yameenda wapi?

Mpaka hapa nimeyafanya maji yatoweke kama kwa mazingaombwe. Kiukweli swali la wapi yameenda linabadilisha jibu lote.

Yakigeuka mvuke na kubaki angani, sahau 715. Maji ya bahari yana uzito wa zaidi ya mara 260 ya hewa yote. Yakipanda juu kama mvuke, uzito huo unatukalia sisi. Mgandamizo ungepita mara 260 ya wa leo. Sayari ya Zuhura, ambayo tunaambiwa ni jehanamu, ina mara 90 tu.

Yakigandishwa yakawa barafu juu ya nchi kavu, kama zama za barafu lakini yote, hewa ingesukumwa upande upande: inaingia kwenye mabonde, inafukuzwa kutoka mabara. Na kama yamekauka yakaacha chumvi, sakafu ya bahari ingefunikwa na tabaka la chumvi lenye unene wa wastani wa mita 60 hivi.

Kaskazi na Kusi

Kuna mgandamizo mwingine ambao ungekufa, na huu babu zetu waliujua bila hektopaskali. Maji hupata joto taratibu na kulipoteza taratibu. Ardhi ina haraka. Bara la Asia likipoa kuanzia Novemba, hewa juu yake inakuwa nzito, mgandamizo unapanda, na hewa inasukumwa kuelekea kusini kwenye bahari yenye joto. Huo ndio upepo wa Kaskazi, uliozileta jahazi kutoka Oman, Ghuba na India. Kati ya mwaka Asia inapata joto, mgandamizo unashuka, mambo yanageuka, Kusi inavuma na jahazi zinarudi.

Mfumo huo wote unategemea tofauti ya mgandamizo kati ya nchi kavu na maji. Ukiondoa maji, ile tofauti inayoendesha pepo hizi inavunjika. Mvua za msimu zinakosa unyevu wa kubeba. Joto la mchana na baridi ya usiku vinaachana sana, kama jangwani. Vimbunga pia vinakoma, kwa sababu chakula chao ni maji ya bahari yenye joto, na hiyo nafikiri ndiyo habari njema pekee niliyoipata kwenye hesabu zote hizi.

Oksijeni yenyewe isingeisha upesi. Viumbe wadogo wa baharini huzalisha karibu nusu ya oksijeni inayotengenezwa duniani, ndiyo, lakini akiba iliyopo angani ni kubwa mno. Tungekufa kwa kiu na njaa zamani.

Halafu ardhi yenyewe ingejibu. Maji ya bahari ni mzigo mkubwa juu ya gamba la dunia. Yakiondoka, sakafu ya bahari ingeanza kuinuka taratibu, kwa maelfu ya miaka, mpaka ipande kwa zaidi ya kilomita moja, na sehemu ya hewa iliyotukimbia ingerudishwa juu. Si jambo la kubuni: Sweden na Finland, ambazo mzigo wake wa barafu uliyeyuka miaka kama 10,000 iliyopita, bado zinainuka, na kandokando ya Ghuba ya Bothnia kasi inakaribia sentimita 1 kwa mwaka. Baada ya muda wote huo Dar ingekuwa na hewa ya mita 2,000 hivi badala ya 2,800.

Kama unataka kuuona mgandamizo wenyewe, baadhi ya simu, hasa za bei ya juu, zina kipima mgandamizo ndani, na kuna programu za bure za kukisoma. Ifungue ukiwa chini ya jengo refu, panda lifti hadi ghorofa ya kumi, iangalie tena. Namba itakuwa imeshuka kwa hektopaskali 3 au 4.